Pikipiki ya 2T "Inakula Mafuta"? Tuulize Kwanza: Mafuta Gani, na Yanaenda Wapi?

Ndugu zangu, leo sitaandika juu ya mbolea wala juu ya ugonjwa wa migomba, hata kama njo mambo yenye nilisomea. Leo ni pikipiki. Mnivumilie kidogo, maana tukifika mwisho mtaona kwamba ni somo lilelile.

Wengi kati yetu tukimaliza licence, kazi ya kwanza yenye tunapata ni ya kutembea milimani: kufuata vikundi vya wakulima, kuhesabu kaya, kuchanja kuku, kugawa mbegu. Siku ya kwanza unapewa fishi, jile na funguo ya pikipiki. Unasaini karatasi kwamba kile chombo kiko sasa mikononi mwako. Hakuna mtu anayekueleza kinavyofanya kazi. Lakini kikikufia njiani, jina lenye liko kwenye karatasi ni lako.

Mimi nilipewa Yamaha AG100 ya zamani. Wenye kuzijua wanazijua: pikipiki ya mashamba, moteri ndogo ya kupozwa na hewa, vibebeo vya mizigo mbele na nyuma, mnyororo uliofunikwa wote ndani ya sanduku lake, na miguu miwili ya kusimamia, mmoja kushoto na mmoja kulia. Ni 2T, yaani ya mapigo mawili, si kama zile za motari wa siku hizi ambazo karibu zote ni 4T. Ilikuwa imepita kwa maagronome kadhaa mbele yangu. Kila asubuhi nikiipiga kiki ilitoa moshi mpaka majirani wanafunga madirisha. Kila juma nilikuwa naongeza mafuta. Na kila mtu aliniambia neno moja: "Ile inakula mafuta."

Nikafanya kosa. Motari mmoja rafiki yangu akaniambia: "Kaka, moshi ni mafuta mengi. Punguza pompi." Tukalegeza kamba ya pompi ya mafuta. Moshi wa njiani ukapungua kweli, nikafurahi. Siku ya nne nilikuwa napanda mlima upande wa Walungu, mwezi wa tisa, magunia mawili ya mbegu ya maharagwe nyuma. Moteri ikaanza kuvuta vibaya, kama mtu mwenye kukosa pumzi. Kisha gurudumu la nyuma likakwama palepale. Pistoni ilikuwa imeshika ndani ya silinda juu ya kukosa mafuta.

Wale wamama walikuwa wananingojea na majembe mkononi, mvua ya kwanza imeisha kunyesha. Mbegu ilifika siku mbili nyuma, kwa mgongo wa watu. Mimi nililipa pistoni mpya na kazi ya kuchonga silinda, wakanikata mshahara miezi mitatu. Na asubuhi ya kwanza kisha ya ile matengenezo yote, nikapiga kiki: moshi uleule. Pesa imeenda, pistoni ni mpya, na shida iko palepale.

Fundi akaniambia sasa ni spi ya kulia, tufungue moteri yote. Njo pale nikakataa, nikakaa chini. Nilikumbuka somo la kwanza la magonjwa ya mimea: jani likigeuka njano inaweza kuwa ni ukosefu wa azoti, inaweza kuwa maji mengi kwenye mizizi, inaweza kuwa virusi, na inaweza kuwa ni jani la zamani tu lenye kujifia. Mtu hanunui dawa mbele ya kujua ni nini. Kumbe nilikuwa nimefanya kwa pikipiki jambo lenye siwezi kukubali mkulima afanye kwa shamba lake.

Haya njo nilijifunza.

Mafuta ni aina mbili, na hazikutani

Kwenye pikipiki ya 4T, mafuta ni mamoja tu ndani ya moteri. Juu ya ile watu wengi wanadhani hata 2T iko vile. Hapana.

Mafuta ya kwanza ni mafuta 2T. Yanakaa ndani ya tanki yake ndogo, mbali na tanki ya esanse. Pompi ndogo inayavuta na kuyapeleka kwenye njia ya kuingiza hewa, karibu na karibirateri. Pale yanachanganyika na esanse na hewa, yanaingia chumba cha chini cha moteri, yanapaka vilibrikeni, beringi, pistoni na silinda, kisha yanaungua na kutoka kama moshi. Yamaha iliita mpango huu Autolube, na ilianza kuuweka kwenye pikipiki zake miaka ya 1960. Pompi inatoa kadiri ya mambo mawili: mwendo wa moteri na jinsi unavyofungua gesi. Kwa hiyo haya mafuta ni lazima yapungue. Pikipiki ya 2T yenye haipunguzi mafuta yake ya 2T ni mgonjwa wa kweli, iko njiani kufa.

Mafuta ya pili ni ya bwati ya viteshi. Yanakaa chini, upande wa ambreyaji, na kazi yake ni gia na ambreyaji. Kwa nyingi za aina hii kitabu kinasema 10W-30. Haya hayaunguzwi. Yanazeeka, yanabadilishwa, lakini hayapaswi kupungua. Yakipungua, kuna mahali yanatokea. Yakiongezeka, ni vilevile, na tutaona kwa nini.

Basi mtu akikuambia "inakula mafuta," swali la kwanza ni hili: mafuta gani?

Hesabu mbele ya kulaumu

Mbele ya kusema yanapotea, ujue ni kiasi gani kinapaswa kwenda. Tuseme pikipiki yako inafanya kilometa 30 kwa litri moja ya esanse. Tuseme pompi, ukichukua wastani wa mlima na tambarare, inatoa sehemu 1 ya mafuta kwa sehemu 40 za esanse. Litri 1 ya mafuta itaenda pamoja na litri 40 za esanse, ni kusema kilometa 1,200. Ukitembea kilometa 240 kwa juma, utatumia litri 8 za esanse na mililita 200 za mafuta 2T. Ile si kuvuja, ile ni chakula chake.

Wengi wenye wanalia hawajafanya hii hesabu. Nami sikuwa nimeifanya. Nilichukua kaye ileile ya kitalu, nikapiga mistari: tarehe, kilometa, esanse niliyoweka, mafuta 2T niliyoongeza (nilipima na sindano kubwa ya dawa ya mifugo), kiwango cha bwati, na moshi ulikuwa namna gani. Majuma mawili. Matokeo: kwa hesabu nilipaswa kutumia karibu mililita 200 kwa juma, nilikuwa natumia zaidi ya 400. Lakini jambo la maana lilikuwa lingine: nilipoweka alama kwenye tanki usiku na kuangalia asubuhi, mafuta yalikuwa yameshuka. Pikipiki imelala, moteri imezima, na mafuta yamepungua. Pompi haiwezi kuyapeleka kama moteri haizunguki. Ni kusema kuna mlango wenye haufungi.

Osha, kausha, weka kartoni

Pikipiki ya milimani imejaa matope na mafuta ya zamani. Huwezi kujua doa la leo na doa la mwaka jana. Kwa hiyo osha moteri na sabuni na mazuti kidogo na brosi, funga vizuri mdomo wa karibirateri na wa eshapema maji yasiingie, kausha na kitambaa. Kisha weka kartoni safi chini usiku, na uandike juu yake: mbele, nyuma, kushoto, kulia. Asubuhi kartoni inazungumza.

Kila maji yako na tabia yake. Esanse inaacha doa lenye kukauka haraka na harufu kali: mara nyingi ni karibirateri yenye haifungi, au robine. Mafuta 2T ni mepesi, mara nyingi yana rangi ambayo mtengenezaji ameweka, nyekundu au kijani au bluu, kwa hiyo linganisha na chupa yako. Mafuta ya bwati ni mazito na ya hudhurungi au meusi. Yakiwa kama chai ya maziwa, kuna maji ndani. Kwa moteri ya kupozwa na hewa, ile maji imetoka nje: umevuka mto na maji yakaingia kwenye kimpira cha kupumulia cha bwati, au umeosha vibaya. Na mafuta kwenye gurudumu la mbele au kwenye miguu ya mbele si ya moteri kabisa, ni spi za fuko zimechoka. Yale usiyachelewe, maana yakifika kwenye breki ya mbele utashuka mlima bila breki.

Kuna doa lingine lenye linadanganya watu wengi: ule ute mweusi wenye kudondoka pale bomba la eshapema linaungana na sanduku lake la nyuma. Ule ni mafuta 2T yenye hayakuungua. Si moteri yenye kutoboka. Unaonyesha safari fupi fupi, moteri yenye haipati joto, karibirateri yenye kutoa esanse nyingi, pompi iliyofunguliwa kupita kiasi, au mafuta yenye yanaingia kwa njia ya wizi. Ni dalili, ugonjwa wenyewe uko ndani.

Mavujo ya nje

Haya ni rahisi, juu unayaona. Anza juu ushuke, maana mafuta yanashuka na upepo unayapeleka nyuma. Mahali penye kulowana juu kuliko pote njo chanzo.

Fuata tanki ya 2T na mipira yake midogo. Mpira wa zamani unakuwa mgumu kama mfupa na unapasuka pale unapoingia kwenye bomba. Vibano vyake vinalegea. Angalia pompi na rondeli za bulo zake. Kubadilisha mpira ni pesa ndogo sana, lakini usisahau jambo moja: kisha ya kuufungua, hewa imeingia. Lazima kuitoa hewa kwenye bulo ya pompi mpaka mafuta yatoke bila mapovu, kisha uangalie kama mpira wa kwenda kwenye moteri umejaa. Pikipiki nyingi za 2T zinakufa kesho yake ya kutengenezwa juu ya povu la hewa. Kama huna hakika, weka mafuta kidogo ndani ya tanki ya esanse kwa siku ile ya kwanza: mililita 25 kwa kila litri inafanya 1 kwa 40.

Upande wa bwati, angalia bulo ya kumwagia na rondeli yake, jwenti ya kifuniko cha ambreyaji, spi ya ekseli ya kiki, spi ya ekseli ya kubadilisha viteshi, na spi ya nyuma ya gia ndogo ya mnyororo. Hii ya mwisho inajificha, na kwa AG100 inajificha zaidi kwa sababu mnyororo umefunikwa. Watu wanaona mafuta ndani ya sanduku wanasema ni ya mnyororo. Futa, tembea siku moja, fungua tena.

Mavujo yenye hayaonekani

Hapa njo pesa nyingi zinapotea, juu kartoni iko safi na mafuta yanaenda. Lakini ukiweka pamoja viwango viwili, cha tanki ya 2T na cha bwati, utapata jibu bila kufungua chochote. Pima bwati pikipiki ikiwa imesimama wima mahali pa sawasawa, na kila mara kwa hali ileile, moteri baridi na baridi.

*Tanki ya 2T inashuka ikilala, bwati inapanda.* Spi ndogo ya ekseli ya pompi imechoka. Kwa moteri nyingi pompi inazungushwa na gia zenye ziko upande wa ambreyaji, kwa hiyo mafuta 2T yanateleza kando ya ekseli na kuingia bwati. Huwezi kuona moshi, huwezi kuona doa. Utasikia tu ambreyaji inaanza kuwa ya ajabu, na siku unamwaga bwati kinatoka zaidi ya kile ulichoweka.

*Tanki ya 2T inashuka ikilala, bwati haibadiliki, na asubuhi kuna wingu la moshi ambalo linaisha kisha ya dakika chache.* Ni kile kifungo kidogo cha kuzuia mafuta kurudi au kupita: kiduara kidogo cha chuma na springi yake, kwenye njia ya kutoka ya pompi. Uchafu kidogo tu ukikaa pale, hakifungi. Tanki iko juu, moteri iko chini, mafuta yanashuka polepole usiku kucha na kulala ndani ya chumba cha chini. Asubuhi unapiga kiki mara kumi, buji inalowana, kisha inawaka na wingu linatoka. Yakiisha kuungua, pikipiki ni nzuri siku nzima.

*Bwati inashuka, kartoni safi, moshi haumaliziki hata moteri ikiwa ya moto, na unanuka tofauti na mafuta 2T.* Hii ni spi ya vilibrikeni, upande wa ambreyaji. Chumba cha chini kinavuta na kusukuma kila mzunguko. Spi ikichoka, kinavuta mafuta ya bwati na kuyaunguza. Buji inatoka nyeusi na yenye kulowana. Hapa fundi akisema tufungue, ana haki. Na usiendelee kutembea ukisema "nitaongeza tu," maana siku bwati itakuwa kavu, gia zitakula gia.

*Viwango viwili ni vizuri, hakuna moshi, lakini moteri inapiga mbio yenyewe.* Hii njo ya kuogopa kuliko zote. Spi ya upande wa pili, nyuma ya volani, haina mafuta ya kuvuta, kwa hiyo ikichoka inavuta hewa. Esanse inakuwa kidogo, na kwa 2T kupungua kwa esanse ni kupungua kwa mafuta pia na kuongezeka kwa joto. Utaona unafunga gesi na moteri haishuki haraka, mwendo wa kusimama unapanda na kushuka, buji inakuwa nyeupe. Mara nyingi kuna unyevu wa mafuta nyuma ya volani. Watu wanafurahi: "Siku hizi imekuwa na nguvu, haitoi hata moshi!" Juma lenye kufuata pistoni inashika.

Ona basi ubaya wa kuhukumu kwa moshi peke yake. Pikipiki yenye moshi mwingi inaweza kuwa na shida ya kiduara kidogo cha chuma, na yenye haina moshi kabisa inaweza kuwa njiani kufa.

Vipimo viwili mbele ya kukubali kufungua moteri

Cha kwanza ni cha chupa. Jioni, moteri imezima, toa ule mpira mdogo wenye kupeleka mafuta kutoka pompi, pale unapoingia upande wa karibirateri. Mdomo wake uuweke ndani ya chupa ndogo ya dawa, kwa urefu uleule ulipokuwa, usiuteremshe chini. Funga tundu ulilolifungua na kitambaa safi. Asubuhi angalia. Kama chupa iko na mafuta, kifungo cha pompi hakifungi. Kama ni kavu, pompi haina kosa upande huo, tafuta kwingine.

Cha pili ni cha hewa, na kinaomba fundi mwenye uvumilivu. Mnafunga mdomo wa eshapema kwenye silinda, mnafunga njia ya karibirateri, pistoni inakuwa chini kabisa, mnaingiza hewa kidogo kidogo na pompi ya baiskeli yenye kipimo mpaka karibu 0.4 ya bari, si zaidi, maana mkizidisha mtazisukuma spi zenyewe zitoke. Moteri nzima inashikilia ile hewa kwa dakika 6 bila kushuka sana. Ikishuka haraka, pakeni maji ya sabuni: kwenye jwenti ya silinda, kwenye buji, nyuma ya volani. Penye mapovu njo penye tundu. Na mapovu yakionekana kwenye kimpira cha kupumulia cha bwati, ni spi ya upande wa ambreyaji. Kazi hii inaomba saa moja na sabuni ya kufulia. Kufungua moteri yote kunaomba siku mbili na mshahara wako.

Mambo matatu ambayo watu wanapenda kufanya

Kupunguza pompi ili moshi uishe. Nimeisha kuwaambia ilinifikisha wapi. Pompi ina alama kwenye puli yake, na kitabu cha pikipiki kinasema ile alama inapaswa kulingana na nini gesi ikiwa mahali fulani. Irudishwe pale, basi. Moshi unatafutiwa sababu, hauadhibiwi.

Kuweka mafuta 4T ndani ya tanki ya 2T kwa sababu ndiyo yenye kadafi wa pale kijijini alikuwa nayo. Yale hayakutengenezwa kwa kuungua. Yanaacha makaa kwenye pistoni na ndani ya eshapema. Beba nusu litri ya 2T ndani ya mfuko, pamoja na koti la mvua.

Kutoa pompi kabisa na kuchanganya kwa mkono. Inawezekana, na wengi wanatembea vile miaka. Lakini ujue unachonunua: kila kujaza ni hesabu, na siku moja utajaza usiku, umechoka, utasahau. Tena kwenye mteremko mrefu, ukifunga gesi na moteri ikiendelea kuzunguka, mafuta hayaingii isipokuwa pamoja na esanse, na esanse umeifunga. Pompi angalau inaendelea kufuata mwendo wa moteri. Kwa milima yetu hii, mimi nachagua pompi.

Yangu ilikuwa nini?

Mmeisha kujua. Bwati haikubadilika majuma mawili. Tanki ilishuka usiku. Wingu la asubuhi liliisha kisha ya dakika chache. Nilifanya kipimo cha chupa: asubuhi kulikuwa mafuta ya kutosha kufunika vidole viwili. Tulifungua ile bulo ya pompi juu ya meza yenye kitambaa cheupe, maana kile kiduara kikianguka kwenye udongo huwezi kukiona tena. Ndani kulikuwa kauchafu, kama unga mweusi, na springi ilikuwa imekaa upande. Tukaosha na esanse, tukabadilisha springi na rondeli, tukatoa hewa, tukarudisha kamba ya pompi kwenye alama. Kazi yote, pamoja na soda ya fundi, haikufika dola 10.

Moshi haukuisha siku ile, na karibu nivunjike moyo. Fundi akacheka: eshapema imekunywa mafuta miaka, ngoja iunguze yale ya zamani. Alikuwa na haki. Kisha ya safari tatu ndefu, jirani yangu akaniuliza kama nimepewa pikipiki mpya. Juma lile kaye ilionyesha mililita 210.

Sisemi mafundi ni wajinga. Fundi wangu anajua kwa mikono yake vitu ambavyo mimi nitavijua kwa vitabu tu. Lakini yeye anaona pikipiki saa moja, mimi nalala nayo. Kama namletea neno "inakula mafuta," atabahatisha, na kubahatisha kwake kunalipwa na mfuko wangu. Kama namletea kaye yenye tarehe, viwango na kartoni, tunatafuta pamoja. Ni sawa na mkulima mwenye kuja na jani mkononi na kusema, "Lilianza chini, juma moja kisha ya mvua," na mwingine mwenye kusema tu, "Shamba langu ni mgonjwa."

Tulisoma miaka mingi kupima, kulinganisha, kubadilisha jambo moja kwa mara moja na kuandika kilichotokea. Tukitoka chuoni tunaiacha ile akili ndani ya memuari, tunaishi kwa "watu wanasema." Mimi nililipa miezi mitatu ya mshahara kwa kusahau.

Mkataba wangu ulipoisha, nilirudisha funguo, jile na ile kaye. Mwenye kunifuata alishangaa: "Kaka, hii nayo ni ya ofisi?" Nikamwambia hapana, hii ni yako, itakusaidia kuliko karatasi yenye unaenda kusaini. Na yale mafuta ya zamani ya bwati, usiyamwage kando ya shamba wala mtoni. Yaweke ndani ya bidoni, mpelekee fundi. Udongo nao unakumbuka.